Fremu ya baiskeli ya titaniamu kwenye milima ya Mbeya: maoni ya fundi wa kuchomelea

Nianze na maungio, maana ndiko macho yangu yalikokwenda kabla hata sijaiweka kwenye mizani. Kazi yangu ni kuchomelea. Nina karakana upande wa Soweto hapa Mbeya, natengeneza mageti na kenchi za paa, na siku hizi zaidi matangi ya maziwa ya chuma kisichoshika kutu kwa wafugaji wa Rungwe. Mtu akiniambia fremu ya baiskeli ni nzuri, swali langu ni moja: imeungwaje?

Fremu yenyewe ni ya titaniamu, ya baiskeli ya milimani yenye shokapu mbele tu. Nyuma haina kitu cha kunesanesa. Imetoka kwenye karakana ndogo ya Baoji, mji wa jimbo la Shaanxi nchini China, unaojulikana kwa kazi ya titaniamu. Wamarekani wana majina makubwa kwenye kazi hii, kama Moots wa Steamboat Springs na Lynskey wa Chattanooga, lakini bei zao mimi siziwezi. Hata hii ya Baoji, pesa ya fremu tupu ilikaribia pesa ya bodaboda mpya, kwa hiyo nimeikagua bila huruma.

Mabomba ni ya ile aloi wanayoiandika 3Al-2.5V, yaani asilimia 3 alumini, asilimia 2.5 vanadi, kilichobaki ni titaniamu. Vishikio vya ekseli ya nyuma ni vya 6Al-4V, ambayo ni ngumu zaidi. Titaniamu ikipata moto hufyonza oksijeni na naitrojeni za hewani, na ikishafyonza hupoteza unyumbufu wake ikaanza kupasuka. Ndiyo maana fundi analazimika kuufunika mshono kwa gesi ya argoni nje, na ndani ya bomba pia, mpaka chuma kipoe. Akiwa na haraka akaondoa gesi mapema, rangi itamsema. Mshono ukiwa wa fedha inayong'aa, kazi ni safi. Ukiwa na unjano mwepesi wa majani makavu, bado unakubalika. Ukienda kwenye bluu na zambarau, hewa imeingia. Ukiona kijivu cha vumbi au weupe wa unga, rudisha fremu, usisikilize maelezo.

Nilitoka nayo mlangoni penye jua nikaifuata mishono yote, mmoja baada ya mwingine. Nje yote ni fedha. Mawimbi ya mshono yamelala kwa nafasi moja, hata kwenye kona ya chini pale mabomba manne yanapokutana na tundu la krenki (linalopitisha ekseli ya pedeli), mahali ambapo mkono wa fundi hauna pa kuegemea na wengi huchafua kazi. Kisha nikachungulia ndani kwa tochi, kwa sababu nje kila mtu anaweza kupapolishi. Ndani ya tundu la krenki kuna vitundu vidogo vya kupitishia gesi kwenda kwenye mabomba ya nyuma. Vimetobolewa katikati na kingo zake zimelainishwa. Upande wa ndani wa mshono nao ni wa fedha, isipokuwa mstari mwembamba wa unjano chini ya bomba kubwa. Mtu aliyefanya kazi hii alijaza gesi ndani na akasubiri, tena mahali ambapo mnunuzi wa kawaida hataangalia kamwe. Nimemheshimu sana, na hata sijui sura yake.

Malalamiko yangu ni mawili. Bomba la fremu linalopokea bomba la kiti lilikuja na makapi ya chuma pembeni ya ule mpasuo wa juu. Ungesukuma bomba la kiti la alumini ndani yake hivyohivyo, lingechanika mistari mirefu. Nililisafisha taratibu kwa msasa wa kuzungusha. La pili, nyaya za gia na bomba la breki hupita ndani ya fremu bila kifereji cha kuzishika, na ukipita kwenye mawe zinagonga kelele mpaka unadhani kuna kitu kimekatika. Dawa yake ni kuzivisha sponji laini ndani ya bomba kubwa kabla ya kufunga. Kwa bei hii, kiwanda kingeweza kuyamaliza yote mawili chenyewe.

Kwenye kufunga vipuri, jambo la kwanza ni grisi. Titaniamu na alumini zikikazwa pamoja kavu, halafu zikapata maji ya mvua zetu za kuanzia Novemba hadi Aprili, alumini huliwa, na nyuzi za bolti hung'ang'ania. Titaniamu kwa titaniamu ni mbaya zaidi, huweza kung'ang'aniana hapohapo spana ikiwa mkononi. Paka grisi ya shaba kila penye nyuzi. Haina haja ya kuagiza mbali, maduka ya spea za malori wanayo. Fremu hii ina tundu la krenki la nyuzi, upana wa mm 73, na nimefurahi kwamba hawakufuata mtindo wa beringi za kugongelea ndani. La nyuzi unalifungua mwenyewe Mbeya hapahapa, unabadilisha, unafunga. Kumbuka tu kwamba upande wa mnyororo unakazwa kinyume, kwenda kushoto. Shimano, watengenezaji wa krenki na gia, wanataka vikombe vya beringi za krenki vikazwe kwa nguvu kati ya Nm 35 na 50, na bolti za mkono wa krenki Nm 12 hadi 14. Spana ya kupimia nguvu ni gharama, najua, lakini bolti za usukani nyingi zinataka Nm 5 tu, na mkono uliozoea nati za trekta hauna habari na Nm 5.

Gia ni Shimano Deore za kasi 12, mbele meno 32, nyuma kaseti ya meno 10 hadi 51. Hapo sina la kulaumu. Kupanda kutoka mjini kwenda msitu wa Kawetere kwa barabara ya Chunya, ile gia ya meno 51 ndiyo inayokuacha uongee na mwenzako badala ya kuhema tu. Angalizo moja: kaseti hii haikai kwenye habu za zamani, inataka habu ya nyuma ya aina yake, na habu hizo huzipati dukani kirahisi. Ukinunua magurudumu, uliza hilo kwanza.

Magurudumu niliyapeleka kwa mzee mmoja fundi wa baiskeli pale Mwanjelwa. Maisha yake ameyamalizia kwenye baiskeli za Phoenix, na diski za breki haziamini sana. Alilipachika gurudumu la mbele, akalizungusha, kisha akaanza kugonga spoki kwa ukucha, moja moja, sikio limeinama.

"Fundi, njoo usikilize," akaniita. "Upande huu unalia juu, huu unalia chini. Nani alikufungia?"

"Limekuja hivyo, mzee wangu."

"Kwenye Phoenix mbele pande zote hulia sawa. Ngoja." Akaliinamia tena, akapima kwa macho umbali wa kila upande hadi katikati ya rimu. "Aa, habu imesogezwa kupisha diski. Basi kushoto lazima zikaze zaidi, ni haki yake. Lakini hizi mbili za kushoto zinalia chini kuliko wenzake. Hizo ndizo mbovu."

Alikuwa sahihi. Kwenye gurudumu la mbele lenye diski, spoki za upande wa diski zimesimama wima zaidi, kwa hiyo hubeba mvuto mkubwa zaidi. Hakuna aliyemfundisha hilo, ameliona mwenyewe kwa sikio na jicho. Magurudumu hayo yameshuka mawe ya mlima Loleza na bado yamenyooka. Ukiwa na baiskeli ya bei ya aina yoyote, tafuta mzee kama huyu kabla hujatafuta duka la kisasa.

Sasa niseme kuhusu ulaini, kwa sababu matangazo ya titaniamu yote yanaimba kwamba chuma hiki kinameza mitetemo. Ni kweli kwamba titaniamu hunyumbulika zaidi: kwa kipande cha ukubwa uleule, ugumu wake ni kama nusu ya ule wa chuma cha kawaida. Lakini watengenezaji wanalijua hilo, wanatumia mabomba manene zaidi ili fremu isiyumbe. Halafu angalia umbo. Nyuma ya baiskeli ni pembetatu mbili zilizoungana, na pembetatu ni kenchi. Mimi nazichomelea kila wiki. Kenchi haibonyei, ndiyo kazi yake. Ingekuwa inabonyea, bati zingekuwa zinacheza juu ya vichwa vyetu. Kinachobonyea kwa sentimita nzima ukigonga jiwe ni tairi, na baada ya hapo kidogo ni bomba la kiti. Anayeuza titaniamu kwa kusema ni godoro anakudanganya.

Kwa hiyo kazi kubwa ya kuirekebisha baiskeli hii iko kwenye upepo. Tairi zangu ni za tyublesi, inchi 29 kwa 2.4, zenye maji ya kuziba pancha ndani. Nina kilo 72. Ukizijaza PSI 30, fremu hii itakupiga mgongo sawa na fremu yoyote ya alumini. Nilishuka kidogo kidogo, nikiwa na geji ya kidijitali, mpaka nikatulia kwenye PSI 20 mbele na 23 nyuma. Hapo ndipo baiskeli ilipokaa. Kwenye mizizi ya Kawetere tairi ya nyuma inashika badala ya kuruka, na mikono haifi ganzi kwenye mteremko mrefu. Chini ya 21 nyuma, rimu ilianza kugonga mawe.

Tofauti ya PSI 1 inasikika, na hewa ya huku inacheza nayo. Tairi iliyojazwa mchana karakanani kwenye joto la nyuzi 22 itakuwa imepungua kama PSI moja na nusu ukiamka asubuhi ya Juni kwenye baridi ya nyuzi 8. Na wale mnaojaza upepo Dar es Salaam halafu mnapakia baiskeli kwenye basi, mkifika huku juu kwenye mita 1,700 geji itasoma karibu PSI 3 zaidi, kwa kuwa hewa ya nje ni nyepesi. Pima upya hapohapo unapoanzia safari.

Shokapu ya mbele ni RockShox Reba yenye mwendo wa mm 120. Ile pete ya mpira kwenye mguu wa shokapu imewekwa ikuonyeshe shokapu imebonyea kiasi gani: ukikaa kwenye baiskeli na mzigo wako wote, ibonyee kama mm 24, yaani asilimia 20. Kwenye baiskeli isiyo na shokapu nyuma jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu mbele ikizama nyuma haizami nayo. Pembe ya usukani inasimama, karibu nyuzi moja kwa kila mm 20 za kuzama. Fremu yangu imeandikwa nyuzi 66.5, nikiwa nimekaa ni zaidi ya 67.5. Ukilegeza upepo wa shokapu ukitafuta ulaini, unapata usukani wenye wasiwasi kwenye mteremko, na kwenye ngazi za mawe baiskeli inakuinamisha mbele. Mimi niliongeza upepo kidogo na kupunguza kasi ya shokapu kurudi juu kwa mibofyo miwili, basi ikatulia.

Uzito: fremu tupu ilisoma kilo 1.9, baiskeli nzima na pedeli kilo 12 na kidogo. Sio nyepesi kupita zote, zipo za kaboni nyepesi zaidi. Lakini kaboni ikipigwa na jiwe unaanza kujiuliza kilichotokea ndani, na hii hapa imeshaanguka kwenye changarawe ya njia ya Isyonje kwenda Kitulo, ikabaki na mkwaruzo nilioufuta kwa sponji ya chuma ya kusugulia sufuria. Haina rangi ya kubanduka, na tope letu jekundu haliifanyi kitu. Unamwaga maji, unafuta, kwisha. Kwa mtu anayeendesha Machi na Aprili kwenye mashamba ya Rungwe, pesa yake imekwenda hapo.

Sitaikabidhi kwa mtu anayefikiri fremu itamwendeshea. Ukiwa na pesa kidogo, chukua fremu nzuri ya chuma cha kromoli, weka tofauti yake kwenye tairi na magurudumu, utafurahi zaidi. Na ukinunua ya titaniamu ikapasuka, usiipeleke kwa mchomeleaji yeyote wa mtaani, mimi nikiwemo. Mtungi wa argoni ninao, lakini sina vifaa vya kuifunika fremu nzima kwa gesi ndani na nje, na akitokea wa kukuambia ataiunga kwa fimbo za kawaida za umeme, ondoka na fremu yako. Hii hurudishwa kiwandani.

Kwa sasa nimeweka akiba vitu vitatu ambavyo Mbeya havipatikani kwa haraka: pedi za breki, maji ya kuziba pancha, na kile kipande cha alumini kinachoshika mkono wa gia wa nyuma. Hicho cha mwisho kimetengenezwa ili kikatike badala ya fremu, na karakana nyingi zina umbo lao, kwa hiyo agiza viwili siku ileile unayoagiza fremu.