Fleti Dar es Salaam: ipi ununue kwanza, ipi uikimbie

Dalali akikupandisha ghorofa ya nane Upanga ataanza na dirisha: bahari ile pale. Mwache amalize, kisha muulize kama hati pacha, yaani hati ya fleti yenyewe, ipo. Jibu lake ndilo linalopanga orodha hii. Mwenye fleti hana kiwanja cha peke yake. Ana sehemu ya jengo na haki ya kupita kwenye ngazi, na bila hati vyote viwili ni maneno matupu.

Tangu sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, ghorofa lenye hati moja linaweza kugawanywa, kila fleti ikapata hati yake. Paa, lifti, ngazi na maegesho hubaki mali ya pamoja ya wenye fleti wote, na chama cha wamiliki ndicho kinachovisimamia. Jambo ambalo wanunuzi wengi hawaliulizi ni umri: hati pacha haiwezi kuishi zaidi ya hati mama, ile ya kiwanja kizima. Kama kiwanja kilimilikishwa kwa miaka 99 na 45 imeshapita, unalipia 54 iliyobaki.

Namba moja kwangu ni fleti iliyokamilika, yenye hati pacha tayari, ndani ya jengo ambalo watu wameshakaa misimu kadhaa ya mvua. Kasoro zimekwisha kujitokeza: ufa, dari linalovuja, lifti inayokwama. Benki nayo inaikubali kama dhamana bila mizunguko. Kama unakopa, kumbuka riba ya mikopo ya nyumba nchini mara nyingi huwa kati ya asilimia 13 na 19, kwa hiyo fleti ambayo unaweza kuhamia au kuipangisha mwezi huu ina thamani kubwa kuliko ramani nzuri.

Namba mbili itawashangaza baadhi: fleti kuukuu ya Upanga au katikati ya jiji, yenye hati pacha. Vyumba vipana, kuta nene, soko na hospitali jirani. Sharti langu ni moja: chama cha wamiliki kiwe hai. Usiridhike na kuambiwa kipo. Omba mahesabu ya mwaka jana na muhtasari wa mkutano wa mwisho, uone ni wangapi wanadaiwa ada ya huduma. Jengo ambalo nusu ya wakazi hawalipi litakufanya upande ngazi hadi ghorofa ya sita na mtungi wa gesi begani, hata kama wewe umelipa kila mwezi. Ada yenyewe ipigie hesabu ya mwaka: shilingi 250,000 kwa mwezi ni milioni 3, ikiwemo sehemu ya bwawa la kuogelea ambalo pengine hutaligusa. Uliza inalipia nini. Jenereta inawasha fleti nzima au lifti na taa za ngazi tu? Kila fleti ina mita yake ya umeme (LUKU), au mnachangia moja? (Kuchangia mita ni ugomvi wa kila mwisho wa mwezi, sikushauri.) Maji ni ya DAWASA au ya kisima? Yaonje kwenye bomba la jikoni; visima vya karibu na pwani vingi vina chumvi, na chumvi hula hita na mashine ya kufulia.

Kwa fleti ya mtu binafsi, dai pia ridhaa ya mwenzi wa muuzaji kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamlinda mke au mume dhidi ya nyumba ya familia kuuzwa bila yeye kukubali, na kesi za namna hiyo ni ndefu.

Tatu, fleti mpya kabisa, mfano miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa (NHC). Wasiwasi kuhusu kiwanja ni mdogo. Hakikisha tu bei uliyotajiwa ina VAT ndani yake, na mkataba utaje hati pacha itatoka lini.

Nne, kununua ikiwa bado ramani. Bei hushawishi, lakini hata shirika la umma hukwama: miradi ya NHC ya Morocco Square na 711 Kawe ilisimama kwa miaka kadhaa kabla ya kazi kuendelea. Ukikubali, lipa kwa hatua za ujenzi zilizokamilika, si kwa tarehe za kalenda. Kibali cha ujenzi kisome mwenyewe na uhesabu ghorofa zilizoidhinishwa. Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36.

Ya mwisho haifai hata kwa bei ya kutupa: fleti isiyo na hati pacha, unayopewa mkataba wa mauziano na ahadi kwamba "inashughulikiwa". Hati mama ikiwa rehani benki, jengo zima linaweza kupigwa mnada na wewe ukiwa ndani.

Kwa mwenye uraia wa nchi nyingine, Bara ni pagumu, maana asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Zanzibar ina sheria yake ya kondominio (umiliki wa fleti) ya 2010, na miradi kama wa Fumba huuza hata kwa wageni.

Chochote utakachochagua, nenda kakitazame masika, hasa Mikocheni na Msasani, uone gari linafikaje getini. Fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi ya kushikia, na pesa yote iingie kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati. Dalali ana kamisheni yake; akaunti yake haihusiki.