Kuanza na mtindo wa mwanafunzi au kuanza na somo lenyewe?

Mwalimu anayefuata nadharia ya mitindo ya kujifunza humpa mwanafunzi dodoso, kama lile la VARK lililobuniwa na Neil Fleming wa New Zealand, kisha humweka katika kundi la wanaojifunza kwa kuona, kusikia, kusoma na kuandika, au kutenda. Mwalimu wa njia ya pili huanza na somo, akijiuliza mada hii hasa inaeleweka kwa njia ipi.

Njia ya kwanza ina sifa moja ya kweli: humkumbusha mwalimu kwamba darasa si mtu mmoja. Udhaifu wake, hata hivyo, ni mkubwa. Mwaka 2004 mtafiti Frank Coffield na wenzake walibainisha modeli 71 za mitindo hiyo, wakachambua 13 kwa kina na kuona kuwa nyingi hazina msingi imara, na mwaka 2008 mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mwanafunzi hufaulu zaidi akifundishwa kwa mtindo anaoupenda. Kupenda picha ni jambo moja. Kujifunza vyema kwa picha ni jingine.

Njia ya pili inawezekana hata katika darasa la wanafunzi 80, ambako kuandaa somo moja mara nne ni ndoto. Ramani ya Bonde la Ufa haina budi kutazamwa, hata na anayejiita msikilizaji. Tofauti ya matamshi ya “ng’ombe” na “ngoma” haina budi kusikika. Robo na nusu huanza kueleweka chungwa linapokatwa. Mwanafunzi asiyeona bado anahitaji nyenzo zake mahususi, lakini hilo ni hitaji halisi, wala si mtindo.