Rafu ya Katharine Hepburn katika duka la filamu la Majengo

Duka dogo la kukodisha filamu lililoko Majengo, hapa Dodoma, limetenga rafu nzima kwa mwigizaji mmoja wa Marekani, Katharine Hepburn, na kuzipanga filamu zake kwa kufuata miaka, kuanzia A Bill of Divorcement ya 1932 hadi On Golden Pond ya 1981. Mpangilio huo ni huduma yenyewe, kwa sababu anayekodi diski kwa mfululizo hujionea jinsi mama huyu alivyopanda, akaanguka, kisha akajiinua kwa uamuzi wake mwenyewe.

Tuzo yake ya kwanza ya Oscar aliipata kwa Morning Glory ya 1933, lakini mwaka 1938 wamiliki wa kumbi za sinema walichapisha tangazo lililomtaja miongoni mwa waigizaji waliokuwa sumu kwa mapato yao. Hakukaa kungoja kupangiwa kazi. Alirudi jukwaani na mchezo wa The Philadelphia Story, ambao tajiri Howard Hughes alimnunulia haki zake za filamu, na Hepburn alipoziuza kwa kampuni ya filamu ya MGM alisimamia sharti kwamba nafasi kuu iwe yake. Filamu hiyo ya 1940 ndiyo ningemshauri mteja mgeni aanze nayo. Nakala ya dukani ni safi na sauti yake haikatiki.

Hata hivyo, diski inayopaswa kutazamwa na kila Mtanzania ni The African Queen ya 1951. Hadithi yake inaanza mwaka 1914 katika koloni la Wajerumani, yaani nchi yetu hii, ingawa picha zilipigwa Kongo, Uganda na katika studio za Uingereza. Hepburn ni mmisionari anayemshawishi nahodha mlevi, Humphrey Bogart, kushuka mto na kuishambulia meli ya Wajerumani iliyoko ziwani. Sisi tunaoishi kando ya reli ya kati hatuwezi kuitazama meli hiyo bila kuikumbuka meli halisi ya Wajerumani, Graf von Götzen, iliyosafirishwa vipande vipande kwa reli hiyo hadi Kigoma, na ambayo baadaye ilipewa jina la Liemba. Wanakijiji Waafrika wamepewa nafasi finyu mno, na hilo linaniumiza. Lakini jinsi Hepburn anavyolegeza taratibu ule ukali wa mmisionari, kwa macho na kwa mkao, bila kupaza sauti, ni kazi ya hali ya juu. Oscar ya filamu hiyo ilikwenda kwa Bogart.

Kasoro za rafu zipo. Kati ya filamu tisa alizoigiza na mwigizaji mwenzake Spencer Tracy, ziko mbili tu, na The Lion in Winter ya 1968 haipo kabisa, ilhali ndiyo iliyompa Oscar ya tatu kati ya nne, akifungana kura na mwigizaji Barbra Streisand. Hakuna diski yenye maandishi ya Kiswahili. Ada ni shilingi 2,000 kwa diski, bei ya haki, ila baadhi zimetengenezwa kwa soko la Marekani na deki nyingi za hapa hukataa kuzisoma, kwa hiyo mwombe kijana wa kaunta aijaribu diski katika deki ya dukani kabla hujalipa. Hufanya hivyo bila kinyongo.