“Sabuni kidogo” imeniunguzia nyanya

Si kawaida yangu kuandika malalamiko, ila leo asubuhi nimepita bustanini, nimeyaona yale mabua yaliyobaki, na hasira zimenipanda upya.

Ilikuwa kama mwezi umepita, labda na zaidi. Nyanya zangu ziliingiliwa na vidukari, wale wadogo wa kijani wanaojazana chini ya jani na kwenye ncha changa mpaka jani linajikunja, na ukiligusa linanata. Nikakutana na video ya bwana mmoja anayejiamini kupita kiasi. Pilipili kali konzi moja, kitunguu saumu, saga, loweka usiku kucha, chuja, “weka sabuni kidogo”, pulizia. Asilia kabisa, anasema, haina madhara.

Sabuni kidogo! Sabuni ipi, bwana? Na kidogo ni kiasi gani? Mimi nilikuwa na ya unga ya kufulia, nikatia vijiko vitatu vya chakula kwenye chupa ya lita moja, nikatikisa mpaka povu likajaa shingoni. Nikapulizia saa tano asubuhi, jua kali. Jioni kingo za majani zilikuwa za kahawia. Kesho yake nililishika jani moja likasagika mkononi kama karatasi iliyopitiwa na moto. Miche sita kati ya tisa ikaenda hivyo. Na jicho langu la kulia nililoligusa bila kufikiri, tuliache tu.

Vidukari wenyewe? Nilikunjua jani lililokauka nusu, nikawakuta wamo ndani, wazima, wanatembea.

Nikamwandikia yule bwana kwa adabu, na picha nikamwekea. Jibu lake: “Hiyo miche yako ilikuwa inaumwa tangu mwanzo. Wenzako wote wanashukuru, wewe tu.” Nilipomuuliza tena ni sabuni gani, swali langu likafutwa. Mtu unaunguza bustani ya mwenzako halafu unafuta swali!

Ilibidi nijifundishe mwenyewe. Sabuni inamuua mdudu kwa kumgusa ikiwa bado majimaji. Inamvua ile nta inayomkinga na kuvuruga mwili wake laini, naye anakauka. Ikishakauka juu ya jani haina kazi tena. Sasa jani nalo lina nta yake, kwa hiyo ukizidisha unalivua na lenyewe. Kiasi kinachofaa ni mililita 10 hadi 20 kwa lita moja ya maji, na ile ya unga ya kufulia usiiguse, haikutengenezwa kwa ajili ya mimea. Inayotakiwa ni sabuni laini halisi, iliyopikwa kwa mafuta na potashi. Unaijaribu kwanza kwenye jani moja au mawili, unasubiri siku moja mbili, ndipo unapulizia mmea mzima, jioni, ukielekeza chini ya majani. Hayo yote yangeweza kusemwa kwenye video kwa nusu dakika.

Nikarudia hivyo kwenye miche miwili kati ya mitatu iliyobaki, bila pilipili. Na lazima niwe mkweli hata kama inaniuma: ilifanya kazi. Vidukari waligeuka rangi, wakasinyaa. Nilikuwa tayari kuandika kwamba dawa ni nzuri, mwalimu ndiye mbovu.

Haikupita wiki wamerudi. Jike la kidukari halingoji dume, linazaa watoto hai, nao ndani ya wiki hivi wanaanza kuzaa. Kwa hiyo unapulizia, unarudia, unarudia tena. Ukichoka, wenzako wanakushauri uloweke tumbaku kwa sababu nayo ni asilia. Nikotini ni sumu kwako wewe unayepulizia, jamani, na tumbaku ni ukoo mmoja na nyanya, inaweza kuziletea virusi. Mwarobaini ndio naukubali, niliwahi kuutumia kwenye kabichi. Hauui papo hapo. Mdudu anakosa hamu ya kula na anashindwa kujivua gamba. Jua linaumaliza nguvu haraka, kwa hiyo nao ni wa jioni.

Lakini kinachonichanganya ni mche wa pembeni. Mara ya kwanza haukupata dawa kwa sababu mbegu ya pilipili iliziba tundu la chupa. Mara ya pili nilipofika hapo niliona vijidudu vyeusi vyenye madoa ya chungwa, umbo la mamba mdogo, nikainua chupa niviue. Bahati nikainama kwanza. Kimoja kilikuwa kimemshika kidukari, kinamla. Ni watoto wa wale wadudu wekundu wa mviringo wenye madoa meusi, na sabuni ingewaua vilevile. Nikawaachia. Nilichofanya ni kuwafukuza sisimizi tu, maana wao huwalinda vidukari ili wawakamue ule utamu unaonata.

Mche huo ndio mzuri kuliko yote sasa, una matunda. Sasa nitoe alama gani? Nilianza na sifuri. Kwa ile sabuni laini ningetoa tatu kati ya tano, halafu nikiutazama mche ambao sikuupulizia kabisa narudi kwenye moja.

Yule bwana ameweka video nyingine juzi. Nimemuuliza tena: sabuni gani?