Miezi Saba na Mkanda wa Kiwiko: Uzoefu Wangu wa Gofu, Kazi na Jeraha

Nimeutumia mkanda huu wa kiwiko kwa miezi 7, mazoezini na mashindanoni, na ninaandika kwa ajili ya mchezaji wa ridhaa mwenzangu ambaye kiwiko chake kinamuuma upande wa ndani, hawezi kuacha kazi na wala hataki kuacha mashindano. Ni mkanda mwembamba, upana wake kama vidole vitatu, wenye kimto kigumu kiasi ambacho hukaa juu ya msuli wa kigasha, na velkro ya kuukazia. Umenisaidia sana. Hata hivyo, katika wiki 3 za kwanza uliniongezea taabu, na sababu ya taabu hiyo ndiyo jambo ambalo ningependa kila anayefikiria kuununua alifahamu kabla ya kuuvaa.

Jeraha lenyewe huitwa kiwiko cha mcheza gofu, ingawa huwapata pia watu ambao hawajawahi kushika fimbo. Misuli inayokunja kifundo cha mkono na vidole hukusanyika katika kano inayoshika kwenye nundu ya mfupa iliyo upande wa ndani wa kiwiko. Kano hiyo ikivutwa mara nyingi kuliko inavyoweza kujijenga upya, huanza kuharibika kidogo kidogo. Kwa sisi tunaopiga kwa mkono wa kulia, kwa kawaida huwa ni kiwiko cha kulia, na pigo baya zaidi ni lile ambalo fimbo huchimba ardhi kabla ya kuufikia mpira, kwa sababu mshtuko wote hupanda mkononi. Mimi nilikuwa nikifanya mazoezi jioni juu ya mazulia ya nyasi bandia, ambako fimbo hugonga sakafu ngumu bila kuacha alama yoyote ya kukuonya kwamba umekosea.

Kwa muda mrefu nilihesabu raundi zangu tu. Nilijiambia kwamba raundi 2 kwa wiki si nyingi, nikasahau kwamba siku 5 za wiki nakaa mbele ya kompyuta saa 8 kila siku, mkono wa kulia ukiwa umeshika kipanya. Kano haitofautishi mzigo wa ofisini na mzigo wa uwanjani. Yote inaipokea kwa pamoja. Mtaalamu wa tiba ya viungo aliponiuliza ni saa ngapi ya siku maumivu yanazidi, nilitarajia kumjibu kwamba ni baada ya kucheza. Nilipotafakari kwa uaminifu nikagundua kwamba ni Alhamisi alasiri, siku ambayo huwa sijagusa fimbo tangu Jumapili.

Sasa nirudi kwenye mkanda. Niliununua kabla ya kumwona mtaalamu, wiki chache kabla ya mashindano ya siku 2 niliyokuwa nimejiandikisha tangu mwanzo wa msimu. Karatasi ya maelekezo iliyokuja nao ilikuwa na picha moja tu, nayo ilionyesha kiwiko kinachouma upande wa nje, ambalo ni jeraha tofauti. Kwa hiyo nikaweka kimto pale pale panapouma, juu ya nundu ya mfupa, nikakaza velkro kwa nguvu nikiamini kwamba kadiri unavyobana ndivyo unavyokinga. Nikauvaa asubuhi hadi usiku, kazini na nyumbani. Siku ya nne kidole cha pete na kidole kidogo vikaanza kufa ganzi. Neva inayohudumia vidole hivyo hupita nyuma kidogo ya nundu ile ile, nami nilikuwa nimeikandamiza kutwa nzima.

Mtaalamu alinirekebisha kwa dakika chache. Kimto hakiwekwi mahali panapouma. Kinawekwa upana wa vidole viwili au vitatu chini ya kiwiko, upande wa ndani wa kigasha, juu ya nyama ya msuli ambayo huvimba ukikunja ngumi. Hapo mkanda hufanya kazi yake ya kweli: hubana msuli ili nguvu ya pigo ipungue kabla ya kuifikia kano. Unakazwa mpaka uhisi umeshikwa unapokunja ngumi, na ukilegeza mkono usihisi kubanwa. Tena unavaliwa wakati wa kazi inayoleta maumivu tu, kisha unavuliwa. Tangu siku hiyo ganzi haijarudi.

Kabla ya mashindano nilikuwa na hofu nyingine. Kanuni ya 4.3 ya gofu huzuia vifaa vinavyompa mchezaji manufaa yasiyo ya haki, na adhabu ya kosa la kwanza katika mchezo wa kuhesabu mapigo ni mapigo 2. Kanuni ya 4.3b, hata hivyo, inaruhusu kifaa cha kusaidia hali ya kiafya, mradi mchezaji awe na sababu ya kitabibu na kamati iridhike kwamba hakimpi faida isiyostahili. Nilikwenda kwa kamati siku moja kabla ya kuanza, nikauonyesha mkanda na barua ya mtaalamu, nikapewa ruhusa papo hapo. Nawasihi wenzangu mfanye hivyo mapema. Kusimama kwenye shimo la kwanza huku ukijiuliza kama kadi yako ya matokeo itakubaliwa ni mzigo usiohitajika.

Siku ya kwanza nilicheza mashimo 18 kwa utulivu ambao sikuwa nimeupata kwa miezi mingi. Maumivu yalikuwapo, lakini yalikuwa ya chini, na nililegeza mkanda kila nilipofika kwenye grini, yaani eneo la nyasi laini lenye shimo, kwa sababu kusukuma mpira shimoni hakuhitaji kinga yoyote. Siku ya pili, kwenye shimo la 13, mpira uliangukia kwenye nyasi ndefu na nene. Zamani ningechukua fimbo ya chuma na kuupiga kwa nguvu zote kuelekea grini. Safari hii nilichukua fimbo fupi, nikautoa mpira kando hadi kwenye nyasi fupi, nikapoteza pigo moja. Nilimaliza raundi, na Jumatatu niliweza kuandika kwenye kibodi bila kukunja uso. Kwangu mimi hayo ni matokeo makubwa kuliko nafasi niliyoshika.

Mkanda una kasoro zake. Velkro ilianza kuchoka mwezi wa tano, na sasa kwenye joto, jasho likitoka, kimto huteleza kuelekea kifundo cha mkono na inabidi nikirudishe kila baada ya mashimo 3 au 4. Kitambaa cha ndani hushika harufu kisipofuliwa kila baada ya raundi. Ile picha ya maelekezo naiona kuwa kosa zito kwa mtengenezaji, kwa sababu mtu asiye na mtaalamu karibu anaweza kujiumiza akiifuata.

Pia hauponyi. Kilichoijenga kano yangu ni mazoezi: kushika kitu chenye uzito mdogo, kukunja kifundo kwa msaada wa mkono wa pili, kisha kukishusha polepole kwa mkono mbovu peke yake, mara 15, awamu 3. Kano hupata damu kidogo kuliko msuli, hivyo nilisubiri karibu wiki 8 kabla ya kuona tofauti ya kuaminika. Katika wiki hizo nilihamishia kipanya mkono wa kushoto, nikaacha mazulia ya mazoezi, na nikapunguza raundi moja ya wiki kuwa mashimo 9. Mkanda uliniwezesha kuendelea kucheza wakati hayo yote yakifanya kazi yake.

Kama maumivu yako yanakuamsha usiku, au vidole vimeshaanza kufa ganzi kabla hujavaa chochote, usiununue kwanza, nenda ukapimwe. Kama ni maumivu ya kuvuta ambayo huja na pigo na kupungua ukipumzika, ningeupendekeza bila kusita. Mimi nimeshaagiza wa pili kwa ajili ya msimu ujao, na huu wa zamani nimeuweka kwenye droo ya meza ya kazini kwa ajili ya siku za kuandika ripoti ndefu.