Gamba au vinasaba: konokono wa vilindini waainishwe kwa kipi?

Konokono wa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Alviniconcha, walioorodheshwa kwa muda mrefu katika familia ya Provannidae, huishi kando ya matundu ya maji moto vilindini mwa Pasifiki na Bahari ya Hindi. Bakteria walio ndani ya matamvua yao ndio wanaowalisha.

Ukiwaainisha kwa gamba, utakwama mapema. Wote wana gamba la mviringo lenye vinyweleo, na tangu Alviniconcha hessleri ilipoelezwa mwaka 1988, ilibaki spishi pekee yenye jina rasmi katika jenasi hiyo. Vinasaba vilisema vingine: mwaka 2014 spishi tano zaidi zilipewa majina. Mojawapo, A. strummeri, inamuenzi mwanamuziki Joe Strummer, maana vinyweleo vya konokono huyo vimesimama kama nywele za wanamuziki wa panki, aina ya muziki wa roki. Wanasayansi nao wana utani wao!

Hata hivyo, visukuku (mabaki ya viumbe wa kale) vya mamilioni ya miaka havina vinasaba vya kupimwa. Hapo gamba halina mpinzani. Kwa konokono walio hai, mimi naviamini vinasaba. Gamba hufinyangwa pia na mazingira, hivyo kufanana kwake si ushahidi tosha wa undugu.