TAHADHARI: Magari ya zamani yanayozibwa mdomo siku ya kuuzwa

Wakuu, anayetafuta gari la zamani, hasa hizi IST, Vitz, Raum na Allion za miaka ya 2000, asome hapa kabla hajatoa hela. Kuna wauzaji na madalali wanaochukua gari ambalo injini imeshaanza kugonga, wanalinyamazisha kwa siku chache, linauzwa, na mnunuzi anabaki na injini ya kufungua. Anayeucheza mchezo huu anatumia galoni moja ya oili nzito. Anayenunua anakuja kulipia krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), metali (beringi za ganda zinazokaa kwenye krenki), pengine injini nzima.

Uelewe kwanza unavyofanyika. Injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1497 iliyomo kwenye IST na ndugu zake, inachukua oili lita 3.7 ukibadilisha na filta, na oili inayoifaa ni nyepesi, kama 5W-30. Metali za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) zikilika, nafasi kati yake na krenki inapanuka, oili nyepesi inakimbia, presha inashuka, chuma kinagonga chuma. Muuzaji anaimwaga hiyo na kuweka 20W-50 au nzito zaidi. Wengine wanachanganya na oili ya gia namba 140, au zile dawa nzito za chupa za kuongezea kwenye oili. Utando kwenye metali unakuwa mnene na mlio unafifia, lakini hakuna kilichopona. Safari ndefu ya kwanza, tuseme Dar hadi Morogoro, oili inapata moto na kulegea, mlio unarudi. Na asubuhi injini ikiwa baridi, oili nzito inachelewa kupanda juu kwenye kemshafti (mhimili unaofungua valvu), kwa hiyo inaliwa hata sehemu iliyokuwa nzima.

Ndiyo maana injini lazima uikute baridi. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari, na ukifika fungua boneti uguse kava ya valvu. Kama ina joto, rudi kesho yake asubuhi. Maelezo ya "nililipeleka kuosha" usiyapokee, hata kama ni ya kweli.

Kabla ya kuwasha, vuta dipstiki. Oili nyepesi hukimbilia nchani na kudondoka haraka. Ikining'inia na kuvutika kama asali, ujue kilichowekwa si cha injini hii. Angalia na filta. Oili inang'aa mpya kabisa lakini filta ni kuukuu imejaa vumbi? Hapo hapakufanyika sevisi, palibadilishwa oili kwa ajili yako. Kisha zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata. Taa nyekundu ya oili ni lazima iwake. Isipowaka, ama waya wa swichi ya presha umechomolewa, ama taa yenyewe imeuliwa. Injini ikishika, taa hiyo inapaswa kuzimika yenyewe ndani ya sekunde chache.

Sasa kusikiliza. Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, haitakwambia mengi, na muuzaji anajua, ndiyo maana anakusimamisha pale pale uwanjani na redio juu. Zima redio, liendeshe nusu saa nzima na AC ikiwaka, lipande mlima kama upo karibu. Ukirudi, ipandishe hadi mizunguko 2,500, ishikilie kidogo, kisha achia mafuta ghafla. Mlio mzito wa ko-ko-ko unaotoka chini upande wa sampo (bakuli la oili) pale unapoachia ni metali za konrodi. Ukitaka uhakika, chomoa soketi ya injekta ya silinda moja moja huku injini inanguruma. Ukifika kwenye silinda mbovu mlio utapungua sana. Fanya kwa injekta, usifanye kwa koili. Koili ikichomolewa petroli mbichi inaingia kwenye ekzosi na kuunguza katalista (kisafisha moshi). Taa ya cheki injini itawaka kwa sababu ya zoezi hili, itafutwa kwa mashine.

Si kila mlio ni msiba. Tik-tik nyepesi ya juu inaweza kuwa valvu, au gasketi ya ekzosi inayovuja. Ya ekzosi husikika zaidi asubuhi na kupungua chuma kikipata joto. Mkwaruzo wa sekunde moja mbili mara tu unapowasha mara nyingi ni cheni ya taimingi kusubiri oili ifike kwenye tenshena (kikaza cheni). Ukiendelea baada ya hapo, cheni imelegea na ni gharama. Mtetemo wa bati kwenye mzunguko fulani tu, ukipita unanyamaza, ni lile bati la kuzuia joto la ekzosi lililokatika bolti.

Hapo kwenye bati pana wizi wa upande wa pili, na unaniuma kuliko wa madalali. Kuna mafundi wanaosikia bati linatetema, wanakwambia injini imekwisha, "tushushe." Usikubali injini ishushwe kabla mlio haujapatikana mahali pake. Bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni, inatosha kutenganisha mlio wa juu na wa chini. Fundi anayesema presha imekufa afungue swichi ya presha, afunge geji mahali pake, nawe usome pamoja naye.

Chini ya gari mbinu za kuficha ni za bei ndogo ila zinaudhi. Sivii jointi (kiungo cha ekseli kwenye tairi la mbele) iliyokufa hujazwa grisi na kuvalishwa buti jipya. Kata usukani hadi mwisho, zunguka duara polepole huku umekanyaga mafuta, kushoto kisha kulia, kama ni mbovu italia ka-ka-ka. Mvumo unaokua na mwendo, ukabadilika unapoyumbisha usukani kidogo, ni beringi ya habu (ya kitovu cha gurudumu), hata kama umeambiwa "ni tairi tu." Linki za stabilaiza na bushi hufungwa vipande vya mpira wa tyubu ili zisigonge kwenye matuta. Ingia chini na tochi, utaviona. Feni beti inayopiga kelele hupakwa sabuni au nta: irushie maji kidogo injini ikiwaka. Mlio ukizidi, beti imelegea. Ukikata kwa muda kisha ukarudi, puli hazijakaa mstari mmoja. Usipobadilika kabisa, shuku beringi za alteneta au za wota pampu.

Kwenye pikapu na magari mengine ya klachi, gia boksi na difu hutiwa vumbi la mbao au grisi nzito. Fungua bolti ya kujazia, ingiza kidole, sugua oili kati ya vidole. Ukihisi chembe laini zisizo chuma, ondoka.

Fundi wa kukagua uje naye mwenyewe. Anayeitwa na dalali analipwa na dalali. Kwenye mkataba wa mauziano andikeni kilomita, namba ya injini, aina ya oili aliyosema muuzaji, na muda wa kurudisha iwapo injini itagonga. Anayekataa kuandika aina ya oili aliyoiweka mwenyewe ana sababu.

Kama umeshanunua na mlio umeanza, zima gari hapo lilipo, liburuzwe. Ukiendelea nalo, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku (mwili wa injini), na bloku ikitoboka hata ile njia ya kuchonga krenki na kuweka metali nene zaidi imekufa. Usiruhusu oili imwagwe chini: chukua nusu lita kwenye chupa safi, piga picha dipstiki na namba ya injini, kisha filta ikatwe mbele yako na karatasi yake ikamuliwe. Pitisha sumaku. Vipande vinavyonata ni chuma. Vinavyong'aa rangi ya fedha au shaba bila kunata mara nyingi ni metali. Chupa, filta na mkataba ndivyo vya kwenda navyo kwa muuzaji, mbele ya shahidi, kabla fundi hajagusa bolti hata moja ya sampo.